Barua kwa mwanangu: goti, mkataba na vile viatu

Zaina mwanangu,

Salaam kutoka Jinja. Sote wazima, ila Hamisi na kikohozi chake.

Unaniuliza kama utie sahihi mkataba wa msimu mwingine huko Ujerumani, au urudi ufundishe baleti watoto wa Kampala kabla goti halijakuamulia. Na jibu wanalitaka kabla Oktoba haijaisha. Kila nikilisoma swali lako, nakumbuka vile viatu.

Ndiyo kwanza ulikuwa unaanza kusimama kwenye ncha za vidole. Hela ya viatu ilitoka pale unapopajua, na shangazi yako mpaka leo hajaacha kupataja. Nilipovitoa kwenye boksi nikasema, mimi fundi cherehani, hapa rangi imekosewa. Satini ya waridi na soksi ndefu za waridi: wenyewe walizipanga hivyo ili mguu wa Mzungu uonekane mstari mmoja, toka nyongani hadi kidoleni. Kwako ilikuwa kama umeazima miguu ya mtu. Basi nikachemsha majani ya chai, yakakolea, nikazitia soksi. Viatu sikuvitumbukiza, niliihofia gundi. Nilivipaka kwa pamba, kidogo kidogo, usiku kucha. Asubuhi tukapanda taksi, tukavuka msitu wa Mabira kwenda kwenye onyesho lako, umevipakata njia nzima.

Mwalimu alikuvua viatu na soksi nyuma ya pazia. “Baleti ni waridi.” Akakupa jozi ya mtoto mwingine, ikakubana. Ulicheza hadi mwisho, ukatoka kucha imeng'oka, unacheka. Mimi sikucheka, na sijacheka bado.

Kiatu kiufuate mguu, si mguu kiatu. Nilisema siku ile, mkaniona mkorofi. Kumbe kule Harlem, New York, kundi la baleti alilolianzisha Arthur Mitchell, mchezaji mweusi, mwaka 1969, waridi walishaiacha miaka ya 1970, kila mtu soksi na viatu vya rangi ya ngozi yake. Freed wa London, watengenezaji wa viatu vya baleti, ndio kwanza mwaka 2018 wakatoa viatu vya kahawia, wakishirikiana na Ballet Black, kundi la wachezaji weusi. Kabla ya hapo mlikuwa mnapaka satini poda ya uso, jozi baada ya jozi, na jozi yenyewe huweza kufa kwa onyesho moja! Nilifumua moja yako nione pesa yangu ilikwenda wapi. Hamna ubao wala chuma mle puani: kitambaa, karatasi na gundi.

Labda mwalimu naye alikuwa na lake. Sare ni sare. Hata mimi nikishona za harusi sipendi mmoja achomoze. Lakini hapana. Angeniambia mapema, ningeshona ninavyoambiwa. Kumvua mtoto dakika ile!

Haya, goti. Una miaka 34. Kundi la baleti la Paris Opera huwastaafisha wachezaji wao wakifika 42, kwa hiyo hata wao wanajua mwili una kikomo. Halafu nakumbuka Margot Fonteyn, yule mchezaji wa Uingereza, alikuwa na hiyo hiyo 42 alipoanza kucheza na kijana Nureyev kutoka Urusi mwaka 1962, watu wakidhani amekwisha. Sasa mama mtu aseme nini? Misty Copeland, Mmarekani mweusi, alianza na miaka 13, wakati watoto wa shule ya baleti ya Vaganova kule Urusi huingia wakiwa na 10 hivi, na mwaka 2015 akawa mchezaji mkuu kule American Ballet Theatre. Nikikwambia umri ndio huu, atatokea mmoja wa kunisuta.

Lakini kiatu kiufuate mguu, Zaina. Na huo mguu hukuniandikia daktari ameuonaje, umeandika “si mbaya” kama marehemu baba yako.

Jibu langu ninalo na nimelimeza, maana ukibaki ukaumia utasema mama hakunizuia, na ukirudi ukajuta utasema mama ndiye. Amua mwenyewe. Chumba cha nyuma nimekipiga chokaa na kukitoa makabati, sakafu iko tupu yote, lakini hicho ni cha mpangaji, usije ukafikiria vingine.

Mama yako