Uanzie wapi kuchunguza machimbo ya Porthgain

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kuchunguza machimbo ya mawe yaliyoachwa Porthgain, pwani ya Wales. Mimi ningeanza na yale maghala marefu ya matofali bandarini: kokoto zilizopondwa zilitengwa humo kwa ukubwa, kisha zikamiminwa melini, hadi kazi iliposimama mwaka 1931. Tazama matundu ya kutolea kokoto, halafu panda juu ukatafute njia ya reli nyembamba iliyoleta mawe.

Ila kabla ya safari, ingia tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland. Ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, zipo bure, za Wales pia. Zilinganishe toleo kwa toleo. Jengo likikosekana kwenye toleo la baadaye, umeshapata kipindi lilipobomolewa. Na tafadhali, kaa mbali na ukingo wa jabali, hasa mvua ikinyesha.