Toa Kitambaa Nje Kabla Hujalipa

Nguo zilikuwa sita, za wasimamizi wa bi harusi, rangi ya damu ya mzee. Jora liliniishia baada ya nguo ya nne. Nikarudi mjini, duka nililonunua halikuwa nalo tena, nikaingia la jirani na kipande changu mkononi. Tukakilaza juu ya jora jipya, pale kaunta, chini ya taa. "Mama, si ni ile ile tu," muuzaji akasema. Na kweli, hata mimi sikuona tofauti.

Jumamosi saa nne asubuhi, bustanini, wasichana wakajipanga kupigwa picha. Nne zilikuwa damu ya mzee. Mbili zilikuwa kahawia, kama chai ya rangi iliyolala. Mama wa bi harusi alinitazama bila kusema neno. Afadhali angenigombeza.

Muuzaji hakunidanganya. Viwanda viwili vinaweza kufikia rangi moja kwa dawa tofauti kabisa, na kila dawa hurudisha mwanga kwa namna yake. Jua lina rangi zote za upinde wa mvua, kwa hiyo huifichua tofauti hiyo. Taa nyingi za LED zina buluu kwa wingi lakini wekundu ule mzito ni haba. Kitambaa hakiwezi kurudisha mwanga ambao hakikupewa. Ndiyo maana damu ya mzee, maruni na zambarau ndizo zinazotuumbua mafundi.

Siku hizi silipi kabla sijatoka na kitambaa nje, nikasimama kivulini. Juani penyewe pana mng'ao mkali mno, na ukitoka ndani ghafla macho hayajatulia. Hesabu dakika mbili tatu kwanza. Beba pia karatasi nyeupe uiweke kando ya kitambaa. Ubongo wetu una mazoea ya kusahihisha mwanga bila kutuuliza. Ukikaa chini ya turubai la buluu pale Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, baada ya muda huoni tena ubuluu wowote, unadhani blauzi uliyoshika ni nyeupe safi. Ifikishe barabarani ndipo uione ilivyo. Karatasi itakuonya mapema, kwa sababu weupe wake unaujua.

Jambo la dirisha lilinichukua miaka kulielewa. Ushauri mwingi kuhusu vyumba vya kazi umeandikwa na watu wa Ulaya, nao husema dirisha liangalie kaskazini, kwa kuwa kwao jua la mchana huwa kusini na mwanga wa kaskazini hutulia siku nzima. Nikahamishia meza ya kukatia kwenye dirisha la kaskazini. Ilipofika Juni, jua likawa linanichoma mkono wenye mkasi! Nairobi iko chini kidogo tu ya ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la mchana liko upande wa kaskazini, na Desemba liko kusini. Kwa hiyo meza yangu huhama mara mbili kwa mwaka. Mawingu ya Julai, ambayo kila mtu anayalalamikia kwa baridi, mimi nayapenda: yanasambaza mwanga sawasawa, hakuna kivuli kinachokudanganya.

Usichague uzi jioni. Hapa giza halibishi hodi; jua likishazama una kama dakika ishirini hivi, na katika dakika hizo jicho linabadilisha kazi, kutoka seli zinazotambua rangi kwenda zile za gizani, ambazo wekundu karibu haziuoni. Mcheki mmoja, Purkyně, alilieleza jambo hili mwaka wa 1825. Wewe litazame tu Oktoba, mijakaranda ikichanua: wakati wa magharibi maua yake huonekana kung'aa kuliko mchana, huku bogenvilia nyekundu ya ua huohuo ikigeuka nyeusi.

Wauzaji wengine hukasirika ukitaka kutoka na jora ambalo hujalipia. Bawabu mmoja hunifuata hadi ukingoni mwa barabara, anasimama nami kivulini, na siku hizi ameanza kunipa maoni yake kuhusu rangi. Duka lisilonijua, naacha kitambulisho kaunta.