Haben, have na habere: ndugu au wamefanana tu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilisoma Kilatini seminari, saa hizi niko kozi ya Kijerumani, najiandaa kwenda kufanya unesi Ujerumani. Naona haben ya Kijerumani, have ya Kiingereza na habere ya Kilatini zote maana yake kuwa na kitu. Si neno moja hilo? Halafu mbona Gift kwa Wajerumani ni sumu na kwa Waingereza ni zawadi?

JIBU: Marahaba. Haben na have ni ndugu kweli, ila habere hayumo kwenye ukoo huo, sura tu. Najua ni ngumu kuamini maana herufi zinalingana na maana inalingana, lakini ndo hapo wengi wanapoteleza, kufanana siyo ushahidi, ushahidi ni badiliko lilelile la sauti linalojirudia neno baada ya neno.

Wewe wa seminari utanielewa haraka. Cornu ya Kilatini ni Horn kwa Kijerumani, pembe. Centum ni hundert, mia, canis ni Hund, mbwa, cor ni Herz, moyo. Umeona? Penye k ya Kilatini, wao wanaiandika c, Kijerumani kinaweka h. Mdenmaki Rasmus Rask alishaliandika hili 1818, Jacob Grimm akalipanga vizuri zaidi 1822, ndo Grimm huyohuyo wa hadithi za watoto yeye na mdogo wake. Sasa haben ukimtafutia ndugu Kilatini lazima aanze na k, na yupo: capere, kukamata. Ukishakikamata kitu si unacho?

Na h ya Kilatini je? Hiyo kwa Wajerumani ni g, hortus ni Garten, bustani, hostis ni Gast. Huyu hostis kwa Warumi aliishia kuwa adui na Gast ni mgeni, sijui walikaribishana vipi hao. Kwa njia hiyohiyo wataalamu wengi wanamuunganisha habere na geben, kutoa, yani wa kuwa nacho kawa ndugu wa kukitoa!

Geben huyo ndo kamzaa Gift. Zamani Gift ilikuwa kitu kinachotolewa tu, mpaka leo wana Mitgift, mali anayoenda nayo bibi harusi kwa mumewe. Sumu iliingilia mlango wa dawa: Wagiriki walikuwa na dosis, kutoa, wakaitumia kwa kipimo cha dawa, Kilatini kikaichukua, Wajerumani wakaipachika maana hiyo kwenye neno lao, halafu ile "dawa" anayopewa mtu afe wakaiita hivyohivyo kwa tafsida, na tafsida ikaimeza maana ya kwanza. Kwenye Kiswidi ndo vituko, gift ni sumu na pia ni mtu aliye kwenye ndoa.

Ila maneno ya kuazima usiyapime kwa kanuni hii. Fenster, dirisha, limetoka fenestra, lingekuwa la kurithi huenda lingeanza na b kama frater, kaka, alivyo Bruder, ila lilikopwa sauti zikiwa zimeshabadilika. Schule nalo limekopwa, kutoka schola, na sisi tukalichukua kwao likawa shule.

Na kabla hujaniuliza, deus ya Kilatini na theos ya Kigiriki, zote mungu, nao siyo ndugu. Ndugu wa deus ni Zeus, jina la mungu mkuu wa Wagiriki.