Sarafu ya "namba moja duniani": kagua hivi kabla hujatoa hela

Mtoa mada anauliza hivi: kuna muuzaji ana dola ya Morgan (sarafu ya zamani ya fedha ya Marekani) ndani ya kasha la plastiki la PCGS, kampuni inayopima ubora wa sarafu, daraja MS67 (MS ni sarafu isiyotumika, namba ni ubora wake), anasema ripoti ya kampuni ya idadi ya zilizopimwa inasoma 1/0, yaani ipo moja tu kwenye daraja hilo na hakuna iliyoizidi. Je, hiyo inatosha kulipa bei anayotaka?

Haitoshi mkuu. Ile namba inahesabu mara ambazo sarafu zimepita mezani kwa wapimaji, haihesabu sarafu zilizopo. Ni sawa na kujua idadi ya wagonjwa kwa kuhesabu mahudhurio ya kliniki.

PCGS ilianza kupima 1986, mshindani wake NGC 1987, na zote zinatumia kipimo cha Sheldon cha 1 hadi 70. Sarafu ikitolewa kwenye kasha na kupelekwa kupimwa upya, inaandikwa kama nyingine kabisa, labda mwenyewe arudishe lebo ya zamani ili namba yake ifutwe. Wengi hawarudishi. Sasa pale ambapo bei inaruka sana kati ya 66 na 67, watu huvunja kasha la 66 tena na tena wakiisaka 67. Ndiyo maana safu iliyo chini kidogo ya kilele huvimba kuliko zote. Ukikuta 66 ziko 40, usiape kwamba kuna sarafu 40. Na usijumlishe ripoti za kampuni mbili, kwa sababu iliyohama kutoka NGC kwenda PCGS inaweza kuwa imebaki pande zote.

Halafu jiulize ni uhaba wa namna gani. Dola ya 1893-S (S ni alama ya kiwanda cha San Francisco) ziligongwa 100,000 tu, kwa hiyo ni adimu hata ikiwa imechakaa. Ya 1881-S zipo tele, na nyingi ni safi. Uhaba wake unaanzia madaraja ya juu kabisa. Aina hii ya pili ndiyo inayoumiza, kwa sababu ambazo hazijapimwa bado ni nyingi na 1/0 ya leo inaweza kusoma 5/1 baadaye.

Kazi yenyewe iko kwenye picha. Kila sarafu ya zamani ina makovu yake, na makovu hayo ndiyo kitambulisho chake, siyo lebo. Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni iliyopima. Ikitokea picha, chagua alama tatu zilizo mbali na nyingine: mkwaruzo shavuni, kitobo kwenye uwanja (sehemu tupu) ulio mbele ya uso, na dosari moja ukingoni. Zote tatu lazima zikae palepale, kwa umbo lilelile. Rangi usiitegemee, kwani inaondolewa kwa kuchovya kwenye dawa na inatengenezwa kwa joto au kemikali.

Ukishazijua alama zako, ingia kwenye kumbukumbu za minada: Heritage, Stack's Bowers, na katalogi za zamani zilizowekwa bure kwenye Newman Numismatic Portal. Hapo ndipo mara nyingi utagundua kwamba 67 ya leo iliuzwa zamani ikiwa 66, ikiwa na namba nyingine ya cheti. Siyo lazima uwe ulaghai. Viwango vimelegea kadiri miaka inavyokwenda, na ndiyo sababu wakusanyaji wanagombania makasha ya zamani ya PCGS yenye lebo ya kijani. Ila hiyo ni hoja ya kushusha bei. Kwenye katalogi za zamani sana kuwa mwangalifu, baadhi zilipiga picha nakala za plasta, kwa hiyo mikwaruzo myembamba kama nywele na rangi hutaviona kabisa. Tafuta dosari za bamba lenyewe, yaani kipande cha madini kabla hakijagongwa. Mfano mzuri ni dola ya 1794 iliyouzwa Januari 2013 kwa dola 10,016,875: ina kiziba cha fedha katikati na mikwaruzo ya tupa iliyopigwa kurekebisha uzito kabla ya kugongwa. Alama kama hizo hazihami.

Makasha bandia yapo, na mara nyingi yanabeba namba halisi iliyonakiliwa. Kwa hiyo "namba imekubali" haithibitishi chochote bila kulinganisha makovu. Weka kasha lako pembeni ya jingine la kizazi kilekile: mwandiko, hologramu, unene wa plastiki. Mshono wenye ukungu mweupe au gundi unaonyesha limefunguliwa.

Sarafu iliyo nje ya kasha inapimika. Morgan ni gramu 26.73, kipenyo milimita 38.1, fedha asilimia 90. Ikining'inizwa ndani ya maji uzito unapungua karibu gramu 2.585, gawanya 26.73 kwa upungufu huo, upate kama 10.34, ambao ndio uzito mahususi wa madini yake. Lakini dola halisi ya kiwanda kingine iliyobandikwa herufi S inapita kipimo hiki bila shida, maana madini yake ni yenyewe. Kwa 1893-S angalia neno LIBERTY kwa lenzi ya mara 10: sehemu ya juu ya T ina kistari kidogo kilichoinuka, kwa kuwa zote ziligongwa kwa muhuri mmoja wa upande wa kichwa. Kisipoonekana kwenye sarafu safi, achana nayo.

Kisha taa. Chumba kiwe giza, taa moja tu, zungusha sarafu polepole. Mng'ao halisi unazunguka kama miale bila kukatika. Ukikatika shavuni kwenye kiraka chenye ukungu, shuku kwamba imepakwa kitu kufunika mikwaruzo. Kitu hicho hupita machoni mwa wapimaji na kuchafuka baadaye ndani ya kasha. Mistari myembamba sambamba inayotokea kwenye pembe moja tu ya mwanga ni ya kufutwa kwa kitambaa. Stika ya kijani ya CAC, kampuni inayokagua upya sarafu zilizokwisha pimwa, inasaidia hapa, maana wao huangalia kama sarafu ni imara kwa daraja lake.

Kuhusu bei, ujue kwamba sarafu za kilele zinapandishwa na washindani wachache wa seti zilizosajiliwa, yaani wakusanyaji wanaoshindana kwenye orodha za kampuni za upimaji nani ana seti bora. Mmoja akijitoa, mnada unaofuata unaweza kupoa vibaya. Angalia sarafu hiyohiyo imeuzwa mara ngapi karibuni. Inayorudi sokoni kila baada ya miezi michache ina jambo ambalo picha hazionyeshi.

Mwambie muuzaji akutumie picha za pande zote mbili na ukingo wa kasha, akuandikie muda wa kurudisha, na akukubalie kuipeleka CAC ndani ya muda huo. Akikataa hilo la mwisho, inawezekana sana ilishapelekwa ikarudi bila stika.