Jibu: Kidonda cha juu ya kifandugu, kiachwe wazi au kishonwe?

Ndugu yangu wa Ngamiani, umeuliza kama mdogo wako, dereva wa bodaboda, aachiwe kidonda wazi au ashonwe baada ya kukatwa sainasi ya pilonida, yaani kile kitundu cha juu ya kifandugu kinachoingiza nywele na kutoa usaha mara kwa mara. Ikiwa sasa ana jipu, lipasuliwe kwanza na kutolewa usaha; upasuaji wenyewe husubiri uvimbe utulie.

Kidonda kilichoachwa wazi hupona taratibu kutoka chini, nacho huhitaji kusafishwa na kufungwa bendeji kwa wiki nyingi, pengine miezi, jambo zito kwa mtu anayedaiwa hesabu na mwenye pikipiki. Kushona katikati ya mfereji wa makalio huharakisha kupona, lakini mshono hubaki penye jasho na msuguano, hivyo hufumuka kwa urahisi na ugonjwa hurejea zaidi; mimi nisingeichagua njia hiyo. Njia za upasuaji ziitwazo Karydakis, Bascom na Limberg huupeleka mshono kando na kupunguza kina cha mfereji. Ile ya Limberg, inayohamisha kipande cha ngozi na mafuta yake, huwafaa hata wenye ugonjwa mpana, ingawa huacha kovu kubwa.

Mtakapofika Hospitali ya Bombo, muulizeni daktari wa upasuaji ni ipi kati ya hizo ameizoea. Kama mdogo wako anavuta sigara, aache mapema, kwa kuwa huchelewesha kidonda kupona.