Kumbukumbu za babu aliyefanya kazi Ikulu

Ndugu yangu wa Tabora, umeuliza namna ya kuandika kumbukumbu za babu yako, aliyekuwa mpiga chapa Ikulu enzi za Mwalimu Nyerere. Muulize kwanza alichokiona kwa macho yake: nani alileta jalada, barua ilirudishwa mara ngapi kusahihishwa kabla ya kutiwa saini, kwani Azimio la Arusha la 1967 limeandikwa sana, ila meza yake yeye haijaandikwa na mtu. Aliyoyasikia tu yatenge, ukitaja aliyemwambia. Muulize pia mkutano wa chama cha TANU wa 1958 hapo hapo Tabora, uliokubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alichagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Akifika 1985, Mwalimu alipong'atuka, usimharakishe. Siri za kazi alizoapa kuzitunza, tafadhali, mwachie mwenyewe.