Maswali ya Wasomaji: Lakiri Inayonasa, Lakiri Inayopasuka

SWALI: Nafunga bahasha za kadi za harusi kwa lakiri, ile nta ya kuyeyusha inayogandamizwa muhuri. Muhuri wangu wa shaba unanasa, na kadi nilizotuma kwa posta zimefika lakiri imepasuka. Wazungu wa zamani waliwezaje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Muhuri unanasa kwa sababu umepata moto. Bahasha mbili za kwanza hutoka safi, ya tatu inang'ang'ania. Uweke juu ya mfuko wa barafu kila baada ya bahasha moja, kisha ukaushe sawasawa, maana tone la maji huacha vishimo kwenye chapa. Paka mafuta ya kupikia kwa ncha ya kidole, uyafute.

Yeyusha lakiri kwenye kijiko juu ya mshumaa. Ikiguswa na ulimi wa moto hushika masizi. Ikitoa mapovu imezidi joto, iondoe. Kwa muhuri wa sentimita 2.5, mimina duara la sentimita 2, subiri sekunde 5 hadi 10, gandamiza mara moja, kisha uache muhuri hapohapo kama nusu dakika. Usiuvute; lakiri ikipoa itauachia yenyewe.

Kupasuka kunatokana na lakiri yenyewe. Ile ngumu ya vijiti asili yake ni shelaki, utomvu wa wadudu wa India, iliyoenea Ulaya kuanzia karne ya 16. Hushika karatasi na kutoa chapa kali, lakini haipindiki. Uingereza kabla ya 1840 posta ilitoza kwa idadi ya karatasi, na bahasha ilihesabiwa karatasi mojawapo. Kwa hiyo watu walikunja barua yenyewe na kuifunga kwa lakiri, ambayo ilitakiwa ivunjike barua ikifunguliwa! Kabla ya shelaki walitumia nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa miti. Muhuri wa nta wa Edward the Confessor, mfalme wa Uingereza wa karne ya 11, ulikuwa na chapa pande mbili, ukining'inia chini ya hati.

Kadi za kupeleka kwa mkono hazina shida. Za posta, nunua lakiri laini inayopindika, na utie bahasha ndani ya bahasha nyingine yenye kadibodi.

SWALI: Fundi amenichongea muhuri, herufi zinatoka kinyume. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Amezichonga zikisomeka kwenye shaba. Zilipaswa kugeuzwa, kama zionekanavyo kwenye kioo. Kosa hilo halirekebishiki, muhuri uchongwe upya. Safari hii, kabla ya kulipa, ugandamize kwenye unga uliokandwa usome.